Hamisha matairi mapema: maneno ya fundi wa Magongo

Matairi manne ya gari moja hayafanyi kazi sawa. Kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, na hayo ndiyo mengi hapa Mombasa, kuanzia Vitz na Fielder hadi Probox na Noah nyingi, matairi ya mbele yabeba injini na giaboksi, yavuta gari, yakata kona, na breki ikikanyagwa uzito mwingi waegemea huko huko mbele. Ya nyuma kazi yake ni kufuata. Toka Mtwapa asubuhi, kaa kwenye foleni ya Daraja la Nyali, teremka Buxton uingie mjini, kisha fikiria ni mara ngapi umekata usukani na kukanyaga breki. Kila mara, yaliyosagwa zaidi ni ya mbele.

Kuhamisha matairi ni kuyapa kazi hiyo kwa zamu, mbele nyuma na nyuma mbele, ili yote manne yaishe pamoja. Hakuna kipuri cha kununua. Yatakiwa jeki, spana na saa moja ya asubuhi jua halijawa kali. Mimi ni fundi wa matairi, nafanyia kazi Magongo, Changamwe, na kama kuna jambo ningetaka kila mwenye gari alishike ni hili: hamisha wakati jicho bado halioni tofauti. Wengi huja kwangu tofauti ishaonekana toka ng'ambo ya barabara, na ikifika hapo kuhamisha hakufai tena.

Mwalimu mmoja, mama mwenye Probox, alikuja masika yakikaribia. Ya mbele yalikuwa yamebaki kipara mabegani, yaani kwenye kingo mbili za uso unaokanyaga barabara, ya nyuma bado yana meno mazuri. Akaniambia, "Fundi, nifanyie haraka. Haya ya mbele yapeleke nyuma, ya nyuma yaje mbele, nisukume nayo mpaka mwisho wa mwezi."

"Mwalimu, haya yamekwisha," nikamwambia. "Nikiyatia nyuma, mvua ikinyesha gari litakupiga mkia."

"Si ya nyuma hayana kazi sana?"

"Hayavuti, Mwalimu, lakini ndiyo yanayolishika gari lisizunguke."

Wengi hawalijui hili, na ni hatari, kwa hivyo nitalieleza. Tairi la mbele likiteleza kwenye maji, gari huenda moja kwa moja. Utalisikia kwenye usukani, utapunguza mwendo, na mara nyingi litashika tena. La nyuma likiteleza, gari lageuka, na dereva wa kawaida hana la kufanya. Ndiyo maana mtu akinunua matairi mawili tu, mapya hutiwa nyuma, hata kama gari lavutwa mbele, na yale ya nyuma yaliyo mazima huja mbele. Mwalimu alinunua mawili, tukafanya hivyo. Lakini angehamisha mapema, yote manne yangekuwa na meno yaliyokaribiana, naye angejua miezi kadhaa kabla kwamba muda wa kununua wakaribia.

Mapema ni lini? Kila kilomita 8,000, na usipitishe 10,000. Wenye kubadilisha oili kila kilomita 5,000 wana njia nyepesi ya kukumbuka: oili mara mbili, matairi mara moja. Mtu wa Mtwapa anayekuja mjini na kurudi, karibu kilomita 35 kwa siku, huchukua kama miezi minane kufikisha 8,000. Dereva wa teksi anayekwenda kilomita 150 kwa siku huzimaliza kabla ya miezi miwili, na hao ndio wanaonunua matairi ya mbele kila mara huku wakilalamika kwamba matairi ya siku hizi ni mabovu.

Kabla hujagusa jeki, yasome matairi. Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha kama milimita 7 au 8 kwenye mifereji yake. Ndani ya mifereji hiyo mna vijituta vidogo vya mpira vinavyokatiza. Hivyo ndivyo alama ya mwisho, na vina urefu wa milimita 1.6. Meno yakishuka yakalingana navyo, tairi limekufa, lisihamishwe popote. Kupima huhitaji chombo cha bei. Chomeka njiti ya kiberiti kwenye mfereji, ishike kwa ukucha pale inapolingana na uso wa tairi, kisha iweke kwenye rula. Pima pahali patatu: bega la ndani, katikati, bega la nje. Mbele na nyuma zikitofautiana kwa milimita moja, hamisha leo.

Kisha tumia kiganja. Hapa sitaki mtu apite haraka, kwani mkono hujua kabla ya jicho. Hakikisha tairi halina msumari wala waya uliochomoza, halafu lipapase kwa upana, kutoka bega la ndani kwenda la nje, kisha rudi. Tairi zima ni laini kote kote. Ukisikia ni laini ukienda na linakwaruza ukirudi, kama kupapasa samaki kutoka mkiani kwenda kichwani, alaimenti imepotea: magurudumu ya mbele hayatazami sawa na tairi linaburutwa kwa ubavu kila mita unayokwenda. Meno yakiwa yameisha katikati tu, upepo umekuwa mwingi. Yakiisha mabega yote mawili na katikati yamesimama, upepo umekuwa mchache, na hilo ndilo ninaloliona kuliko yote. Yakiisha bega moja la ndani, tazama alaimenti pamoja na bushi na boljointi, vile viungo vinavyolishika gurudumu. Na ukipapasa kulizunguka tairi ukakuta mabonde mabonde, shokabzoba imechoka au gurudumu halina balansi.

Jambo moja la barabara zetu: sisi twaendesha kushoto, na kila raundabauti twaizunguka kwa kukata kulia, kwa hivyo uzito hulemea upande wa kushoto. Tairi la kushoto mbele likiwa limelika bega la nje kidogo kuliko wenzake, huo ni mwendo wa kawaida, na kuhamisha ndiyo dawa yake. Magonjwa mengine niliyoyataja hayatibiwi kwa kuhamisha. Ukilipeleka nyuma tairi lililoharibiwa na alaimenti, lile zima ulilolileta mbele nalo litaliwa vile vile, na baada ya miezi una matairi mawili mabovu badala ya moja. Rekebisha kwanza, hamisha baadaye.

Sasa soma ubavu wa tairi. Ukiona mshale na neno ROTATION, tairi hilo lina upande mmoja wa kuzungukia. Litahama mbele na nyuma ubavu ule ule wa gari, halivuki kwenda upande wa pili mpaka litolewe kwenye rimu na kugeuzwa. Ukiona OUTSIDE, linaweza kwenda pembe yoyote bora ubavu huo utazame nje. Kama saizi za mbele na nyuma hazilingani, usihamishe mbele na nyuma kabisa.

Matairi ya kawaida yasiyo na mshale hufuata njia mbili, na zote mbili zategemea ni magurudumu yapi yanayovuta. Gari linalovutwa mbele: ya mbele yarudi nyuma moja kwa moja, ya nyuma yaja mbele kwa kupishana, la kushoto lije kulia na la kulia lije kushoto. Gari linalosukumwa nyuma, kama matatu za Hiace na pikapu nyingi, na pia gari linalovuta magurudumu yote manne: ya nyuma yaja mbele moja kwa moja, ya mbele yaenda nyuma kwa kupishana. Ukisahau, shika hivi: yanayovuta hayavuki, yasiyovuta ndiyo huvuka, na linalovuta yote manne lihesabu kama la kusukumwa nyuma. Wenye Forester, Prado na mengine yanayovuta kote kote daima, nawaomba msiichelewe kazi hii. Matairi yakitofautiana sana meno, yanatofautiana mzingo, na difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, hufanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka. Difu ni ghali kuliko matairi manne.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Tafuta pahali tambarare na pagumu. Nyua nyingi za Kisauni, Bamburi na Likoni ni mchanga, na jeki juu ya mchanga huzama au huinama gari likiwa hewani. Tia ubao mpana na mnene chini yake. Vuta breki ya mkono, tia gia, na uweke kabari au jiwe zito mbele na nyuma ya gurudumu la pembe iliyo mkabala na ile utakayoinua. Abiria washuke, mizigo itoke. Usiingize mkono wala kichwa chini ya gari linalosimama kwa jeki pekee.

Nati zilegezwe gurudumu likiwa bado chini, mzunguko nusu tu, kisha ndipo uinue. Toyota nyingi ndogo hutumia spana namba 21. Jeki ikae pahali pake: chini ya ubavu wa gari, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele na mbele kidogo ya la nyuma, mna sehemu ya chuma iliyokatwa mapengo mawili, na katikati ya mapengo hayo ndipo. Ukiitia pahali pengine utatoboa bodi, na magari ya pwani yenye kutu yatoboka kwa urahisi.

Wengi hudhani lazima uwe na jeki mbili na stendi. Ukiwa nazo vyema, lakini jeki moja na spea vyatosha, ukifuata mpango. Kwa gari linalovutwa mbele anza nyuma kushoto: toa tairi hilo, funga spea pahali pake. Nenda mbele kulia, toa lililopo, funga lile ulilotoa nyuma kushoto. Nenda nyuma kulia, toa lililopo, funga lile la mbele kulia. Nenda mbele kushoto, toa lililopo, funga lile la nyuma kulia. Rudi nyuma kushoto, toa spea, funga lile la mbele kushoto. Umeinua mara tano na kila tairi limefika kwao. Kwa Hiace au pikapu inayosukumwa nyuma anza pale pale nyuma kushoto na spea, ila mzunguko wako ni mbele kushoto, kisha nyuma kulia, kisha mbele kulia, kisha warudi nyuma kushoto. Kila ulilotoa hufungwa pembe inayofuata. Kabla hujaanza, andika kwa chaki kwenye kila tairi lilikotoka. Katikati ya kazi akija mtu kukusalimu, chaki itakukumbusha.

Gurudumu likitoka, usiharakishe kufunga jingine. Chumvi yetu ya bahari haichezi, hasa kwa magari yanayopanda feri ya Likoni kila siku na yale yanayolala karibu na ufuo. Utakuta uso wa habu, pale rimu inapoegemea, umefanya maganda ya kutu, na nyuma ya rimu ya aluminiamu mna unga mweupe. Usugue wote kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kwani ganda likibaki katikati, rimu haikai sawa, na baada ya siku chache likisagika nati zitalegea zenyewe. Kwenye duara la katikati la habu paka grisi nyembamba sana, rimu isigande. Kwenye bolti na nati usipake grisi wala oili. Nati yenye grisi huingia kupita kiasi bila wewe kujua, na bolti huvutika.

Gurudumu likigoma kutoka baada ya nati kufunguliwa, rudisha nati mbili kwa vidole, kaa mbele ya tairi na lisukume kwa nyayo, mara kushoto mara kulia, wala usilipige rimu kwa nyundo. Shusha gari kidogo ikiwa jeki yatikisika.

Kufunga: nati zote zianze kwa vidole. Ikigoma kwa vidole, imepanda vibaya, itoe uanze upya. Kaza kidogo kwa spana gari likiwa juu, kwa kurukaruka: zikiwa tano, funga moja ruka moja, zikiwa nne, funga zinazotazamana. Kisha shusha gari na ukaze mwisho kwa mpango ule ule. Toyota nyingi ndogo hutaka nguvu ya Nm 103. Bila spana ya kupimia nguvu, jua kwamba kwa spana yenye mkono wa sentimita 35 huo ni msukumo wa uzito wa kama kilo 30 mwishoni mwa mkono. Usipande juu yake kwa miguu, usiongeze paipu. Kuna mteja wangu wa Noah aliyefungiwa nati kwa mashine ya upepo kwenye gereji moja mjini, zikashindiliwa mpaka basi. Alipopata pancha usiku pale Kibarani, spana yake ilipinda na nati hazikusogea. Alipofika kwangu, bolti mbili zilikatika tukizifungua. Mashine ya upepo ni nzuri kwa kufungua. Kwa kumalizia, mwambie fundi atumie mkono, na simama hapo umtazame. Ni haki yako.

Ukimaliza kuhamisha, upepo upimwe upya, kwa sababu magari mengi yana kipimo kimoja mbele na kingine nyuma. Fungua mlango wa dereva, utaona kibandiko kwenye nguzo. Kwa magari yaliyotoka Japani maandishi yaweza kuwa ya Kijapani, lakini tarakimu zasomeka: 220 kPa ni kama pauni 32, 230 ni pauni 33 na kitu. Pima asubuhi kabla ya safari. Tairi lililopikwa na lami ya saa nane mchana huonyesha pauni nyingi kuliko ilivyo, na ukipunguza hapo, kesho asubuhi utaamka na upepo mchache.

Kuhusu spea: kama ni saizi moja na wenzake na haijazeeka, nayo iingie kwenye zamu, isioze chini ya buti. Ile nyembamba ya dharura haingii kamwe. Imeandikwa yenyewe mwendo wake, kilomita 80 kwa saa, na upepo wake ni mwingi, kPa 420, yaani pauni 60. Umri wa tairi lolote umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Na wewe uliyetoa gari bandarini hivi karibuni, tazama kama ubavuni pameandikwa STUDLESS. Hayo ni matairi ya theluji. Mpira wake ni laini kwa ajili ya baridi, na juu ya lami ya Mombasa huisha haraka na hulegalega kwenye kona. Kuyahamisha ni kupoteza asubuhi yako, panga kuyabadilisha.

Ndugu zangu wa tuktuk wasijione wametengwa. Tuktuk nyingi zina saizi moja kwenye magurudumu yote matatu na kwenye spea pia. Isome ubavuni uhakikishe. Ya nyuma ndiyo yanayosukuma na kubeba abiria, kwa hivyo huisha kabla ya lile la mbele. Peleka la mbele nyuma, la nyuma moja lije mbele, na spea iingie zamu. Jambo la kuangalia ni yale mawili ya nyuma yasitofautiane sana, na la mbele lisiwe kipara hata kidogo, kwani ndilo pekee linaloelekeza chombo.

Baada ya kilomita 50 hadi 100, rudi kwenye nati na spana, zote, gari likiwa limepoa. Kisha andika kilomita za gari kwenye karatasi uibandike ndani ya mlango. Siku za mwanzo waweza kusikia mvumo mpya wa matairi. Hutulia yakishazoea pahali papya. Lakini usukani ukianza kutetemeka ukifika kilomita 80 au 90 kwa saa, na kabla haukutetemeka, gurudumu lisilo na balansi lilikuwa limejificha nyuma, sasa limekuja mbele. Lipeleke kwenye mashine ya balansi litiwe risasi, vile vizito vidogo vya kulisawazisha. Na likitetemeka hata mwendo wa polepole, simamisha gari hapo hapo uangalie nati.